Siku Tuliyomposa Mbunge

Mwaka wa kokwa za fenesi, mwanangu, ndio mwaka ninaotaka kukusimulia. Tarehe usiniulize, sikuiandika popote. Ninachokumbuka ni tulichokula. Mvua ilinyesha mpaka muhogo ukaoza ardhini, ukiung'oa unakuja mkononi kama sabuni iliyolowekwa, na mchele wa dukani ukawa chakula cha watu wenye mishahara. Sisi asubuhi tulikula fenesi, mchana tukachemsha kokwa zake kwa chumvi, jioni tukaziponda kokwa hizohizo, tukatia tui, tukajidanganya kwamba ni kunde. Waliokuwa watoto mwaka ule, hata leo wakinusa fenesi wanageuza uso.

Hifadhi ya bahari ilikuwa bado mpya kisiwani kwetu Juani. Maneno yake tulikuwa tunajifunza kama mtoto anavyojifunza majina ya ndugu wa mbali. Mume wangu alikuwa dago kisiwa cha Bwejuu, anavua huko miezi kwa miezi, na mimi nyumbani na watoto watatu tulikuwa tunategemea mwani. Mwani ndio uliotupa sukari, mafuta ya taa, daftari, na sabuni. Nakwambia sabuni kwa makusudi. Tutaifikia.

Mwani tulilima kwenye mchanga mbele ya kijiji, pale maji yanapokauka wakati wa bamvua. Tulichomeka mambo, vile vijiti viwiliviwili, tukafunga kamba katikati, na kwenye kamba tukaning'iniza mbegu. Sehemu ya karibu kabisa na pwani ilikuwa ya shangazi yangu, Bi Siti. Yeye ndiye aliyenilea. Goti lake moja lilikuwa limeharibika, haliwezi maji marefu, kwa hiyo wanawake wote tulikubaliana bila mkutano kwamba pale penye maji ya kifundo cha mguu ni pake.

Basi asubuhi moja tulishuka tukakuta fito zimesimamishwa baharini, zina vitambaa vyekundu. Zimepita katikati ya mwani wetu, mstari mmoja, kama mtu aliyekata mkate. Karibu nazo alisimama dada mmoja wa bara, ana karatasi kubwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alitusalimia vizuri. Akatueleza kwamba bahari inagawanywa, hapa pa kuvua, hapa pa wageni kupiga mbizi, hapa pasiguswe kabisa, na mwani wetu nusu umeangukia pasipoguswa.

Tukamzunguka kama kuku. Akasema, "Msiogope, mama zangu. Huu ni mstari wa majaribio. Kijiji kikisema haufai, unasogezwa. Waambieni viongozi wenu mliowachagua. Mna wiki nne."

Akapanda mashua akaenda. Wiki nne, kwetu sisi, ni bamvua mbili.

Tukakaa mchangani tunafunga mbegu na kuulizana, viongozi tuliowachagua ni akina nani. Usicheke, mwanangu. Wewe umesoma, mimi nilitoka darasa la tatu nikaenda kutwanga.

"Ni mkuu wa wilaya," akasema mmoja.

"Huyo hachaguliwi, analetwa," akamjibu shoga yangu Mwajuma. "Sisi tulimchagua diwani."

"Diwani ni wa nini?"

"Wa kata."

"Na kata ndiyo nini?"

Mwajuma alifunga mbegu mbili kabla ya kujibu. "Kata ni kata," akasema. "Mimi siku ya kura nilipewa karatasi tatu, zote nimetia alama. Ukiniuliza ipi ilikuwa ya nani, utaniumiza kichwa."

Shangazi Siti hakuinua macho kwenye kamba yake. Akasema, "Mbona mnazunguka? Mwenyekiti wa kijiji si Sefu? Tulimchagua wenyewe, tumepanga mstari pale shuleni. Aende huyu." Akanielekezea kidole chenye mchanga.

Wanawake wote wakaniangalia, na wengine wakaangalia chini wanacheka kimoyomoyo. Maana Sefu, mwanangu, aliwahi kunichumbia. Barua ya posa ilikuja imefungwa kwenye leso nyeupe, na mimi nikairudisha na leso yake. Sababu ilikuwa ya kijinga, lakini ndiyo sababu: Sefu akitafuna, taya lake linalia. Ka, ka, ka, kama mlango usiotiwa mafuta. Nikasema siwezi kuzeeka na sauti ile. Na sasa sauti ile imekuwa mwenyekiti, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mimi niende nikasimame mlangoni pake niseme nisaidie?

Nikamwambia shangazi, mbele ya wote: "Siendi. Mlango wake naujua, miguu ninayo, lakini siendi."

Nikawaambia tusihangaike na watu wadogo, tuanze juu kabisa, neno likitoka juu litashuka lenyewe kama maji. Wakanikubali. Nilikuwa na sauti kubwa wakati ule, na mtu mwenye sauti kubwa watu humdhania ana akili.

Mimi na Mwajuma tukavuka bahari, tukadandia lori la nazi mpaka mjini Kilindoni, tukaingia ofisi ya serikali. Nakwambia ofisi kwa sababu mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Ilikuwa na milango mingi, na kila mlango una maandishi, na Mwajuma anasoma herufi moja moja kama anayevuka miba. Wa kwanza akatuelekeza kwa wa pili. Wa pili akatuuliza jambo letu ni la halmashauri au la serikali kuu. Nikamwambia ni la mwani. Akatupeleka kwa karani mmoja mnene, mstaarabu, akatupa viti.

"Mmeanzia kwa mwenyekiti wenu wa kijiji?"

"Tumepita," nikasema.

Mwajuma akageuka kuniangalia.

"Barua yake iko wapi?"

"Imelowa kwenye mashua."

Yule karani akaifunika kalamu yake. Nadhani alikuwa ameshaziona barua nyingi zilizolowa. Akasema kwa upole, "Basi mama, rudini akaandike nyingine. Mkutano wa kijiji ukae, uandikwe muhtasari, muhtasari uende kwa diwani, diwani aufikishe baraza la madiwani. Bila hivyo mimi sina pa kushika."

Muhtasari, baraza, diwani. Maneno yalinipita kichwani kama samaki vibua. Moja tu nililishika barabara, kwamba nirudi kwa Sefu, na hilo ndilo nililoliacha palepale kwenye kiti. Njiani Mwajuma alikwenda kukaa upande wa pili wa lori. Bamvua la kwanza likapita.

Halafu ikaja habari kwamba mbunge anakuja Kilindoni, atalala siku mbili. Nikaona Mungu ameniletea mkubwa mpaka mlangoni, sina haja ya mtu yeyote mwenye taya. Ila mtu kama mbunge unamwendeaje? Hapo ndipo tulipopotea, na tulipotea kwa heshima.

Kwetu, mwanangu, unajua, mtu unayemtaka jambo kubwa humwendei mikono mitupu na kumtupia maneno usoni. Unatafuta mshenga. Mshenga anakwenda siku ya kwanza anabisha hodi, anasalimia, anasifu nyumba, anakula, anaaga. Neno halisemwi, hata akiulizwa. Mwenye nyumba naye si mjinga, anajua watu hawaji na sinia bure. Siku ya pili ndipo anauliza tena, na hapo ndipo unasema. Hivyo ndivyo binti wa watu anavyoombwa, ndivyo shamba linavyoombwa. Tukaona ndivyo mbunge atakavyoombwa.

Tukamchukua Mzee Pazi, ambaye nusu ya ndoa za Juani zimepita kwenye ulimi wake. Tukakusanya mchele, kikombe hiki kwa yule, kikombe kile kwa huyu. Mwaka ule wa kokwa za fenesi, mchele huo ulikuwa umefichwa kwa ajili ya mtoto akiugua. Tukautwanga, tukaoka mkate wa kumimina, tukapika pweza kwa nazi, tukafunika kawa nzuri kuliko zote. Watoto wangu walisimama mlangoni wananusa. Nikawafukuza.

Mbunge alitupokea kwenye nyumba ya wageni, barazani. Siwezi kumsema vibaya. Alisimama, akampa Mzee Pazi shikamoo, akakaa baada yetu. Mzee Pazi akaanza. Alisifu safari, akasifu ukoo, akaomboleza waliofariki, akaishukuru mvua iliyotuua kwa njaa. Mbunge naye akajibu vizuri, akala, akasema pweza huyu hajapata kumla tangu utoto wake. Kisha akafuta mikono, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza:

"Wazee wangu, mama zangu, mna jambo lolote?"

Mzee Pazi akatabasamu lile tabasamu la ndoa. "Hatuna jambo, mheshimiwa. Tumekuja kukuona tu."

Na sisi wanawake nyuma yake tukaitikia kwa vichwa: hatuna jambo. Nilitikisa kichwa mpaka ushungi ukanivuka. Mbunge akafurahi. Akachukua kalamu, akaandika kitu kwenye kitabu kidogo. Mimi nikanong'ona kwa Mwajuma, ameshajua, anaandika ili kesho atuulize.

Siku ya pili tulifika na sinia jingine. Mlinzi wa nyumba ile alikuwa anafagia. "Mheshimiwa ameondoka na ndege ya asubuhi," akasema. Akaona nyuso zetu. "Alisema Juani ni watu wa shukrani sana."

Tulikaa chini ya ukuta ule tukala mkate wetu wenyewe. Mzee Pazi peke yake hakula. Aliniuliza mara mbili, "Lakini kwa nini hakuuliza tena?" Nilikuwa nimechanganyikiwa kama mtu aliyeamshwa katikati ya maji. Tulifanya kila kitu sawasawa, heshima yote, na kitu hakikuwa sawasawa.

Niliporudi nilimkuta shangazi kwenye mwani wake, maji kwenye kifundo, anafunga mbegu upande ule ambao fito zilishaukata. Nikamweleza. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alimaliza fundo lake kwanza.

"Mbunge ulimtaka akuoe?"

"La, shangazi."

"Ulimtaka asogeze mti uliochomekwa baharini. Sasa ulimpelekea mshenga wa nini? Yule si mkweo, yule umempa kazi. Na Sefu ulimnyima mkono wako, hukumnyima kura. Hayo mambo mawili, mbona unayatia chungu kimoja?" Akaichukua mbegu nyingine. "Mimi goti hili halitanifikisha kule kwenu kwenye maji ya kiuno. Wewe ukikosa, utasogea. Mimi nikikosa, nimekosa."

Nikapanda pwani na nguo zilizolowa, nikaenda moja kwa moja, nyumba ya tatu. Sefu alikuwa barazani anakula kokwa za fenesi. Ka, ka, ka.

"Hodi."

"Karibu." Akaangalia nyuma yangu. "Leo umekuja mwenyewe, au mshenga anafunga viatu?"

Kijiji kizima kilishajua. Mkewe ndani akacheka, nikasikia.

"Nimekuja mwenyewe."

"Haya. Una jambo?"

Mwanangu, ulimi ulishaanza kusema hatuna jambo. Ulikuwa umeshazoea. Nikaung'ata. "Nina jambo," nikasema. "Fito zimepita katikati ya mwani wetu, na upande wa shangazi Siti wote umekwenda. Tunataka mstari usogezwe."

Sefu akaacha kutafuna. "Fito nimeziona tangu siku ya kwanza," akasema. "Nikangoja mwenye mwani aje. Hakuja mtu. Nikasikia mko Kilindoni, nikasikia mko kwa mbunge, nikajua mmeshafika kwa wakubwa, mimi mdogo nijitie wapi?" Akanisogezea bakuli. "Kula. Maneno hayo mbona ni mafupi hivyo? Ungeyasema siku ile tungekuwa tumeshamaliza."

Hakunisimanga zaidi ya hapo. Ningependa angenisimanga.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa, ukangojwa siku zake, ukakaa. Wanawake tukasimama tukasema, mtendaji wa kijiji akaandika, wasiojua kuandika wakatia dole gumba. Mimi niliandika jina, herufi zikapanda mlima. Kisha mimi na Sefu tukaupeleka muhtasari ule kwa diwani, tukamkuta anarekebisha baiskeli. Akausoma wote. Kisha akakuna kichwa.

"Sasa mimi nachanganyikiwa," akasema. "Mheshimiwa mbunge kaniambia kwa kinywa chake, Juani nimewauliza, hawana jambo. Kaonyesha mpaka kitabuni. Nimwamini nani?"

Sefu akanigeukia mimi tu.

"Ni sisi," nikasema. "Tulikuwa na jambo. Tuliona haya kulisema siku ya kwanza."

Diwani alicheka mpaka akaishika baiskeli isianguke. Halafu akaacha kucheka, akatuambia, "Tatizo ni kwamba baraza limekaa juzi. Mngeniletea wiki iliyopita, ningelisema. Lijalo ni baada ya miezi mitatu."

Miezi mitatu. Wiki nne zikaisha, fito zikaondolewa, yakawekwa maboya ya kudumu. Tukang'oa mambo yetu tukasogea kwenye maji ya kiuno. Shangazi alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza maji yalimwangusha, tukacheka pamoja naye. Mara ya pili yalimwangusha, hatukucheka. Goti likamkatalia kabisa, hakushuka tena.

Baraza lilipokaa, diwani alisimama akasema, na Sefu naye alishamwandikia mbunge barua, jambo likiwa kwenye mstari wa kwanza, na muhtasari wetu nyuma yake. Mbunge akajibu, barua ina muhuri, Mwajuma aliisoma herufi moja moja pale pwani. Mstari ukasogezwa. Yule dada wa bara alikuja mwenyewe na karatasi yake, akafurahi kama sisi. Nikakimbia mpaka kwa shangazi kumwambia pake pamerudi.

Alikuwa jikoni. Akasema, "Alhamdulillahi." Nikatazama motoni nikaona kinachowaka. Alikuwa anachoma mambo yake, vile vijiti, vimebaki vinne au vitano. Mwaka huohuo alimtuma mtoto kuniomba kipande cha sabuni. Shangazi Siti, ambaye hajamwomba mtu sabuni tangu azaliwe. Alioga kwa sabuni yangu mpaka alipokufa, na kila nikimkatia kipande nilikuwa nakisikia kile kinywa changu pale mchangani, mbele ya wote, kinavyojisifu kina miguu.

Basi mwanangu, sikiliza, maana mimi sina lingine la kukuachia. Mkubwa uliyemchagua anaanzia karibu na nyumbani kwako. Mwanzie huyo, hata kama anatafuna kwa kelele, hata kama mlikosana kwa jambo la kuku, la mke au la mpaka wa shamba. Ujue nani umempigia kura na nani ameletwa. Wote uwasikilize, lakini uliyemchagua ndiye unayeweza kumwambia kazi niliyokupa iko wapi. Jambo lako liseme kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Salamu ndiyo, shikamoo ndiyo, lakini mchele waachie watoto. Akikuuliza una jambo, na unalo, sema ninalo. Liandikwe. Uliza baraza linakaa lini, usiulize limekaa lini. Na ukifika kwa mbunge, fika na karatasi ya kijiji mkononi, akuone una watu nyuma yako. Mimi hata leo ukiniambia jimbo, wilaya, halmashauri, kichwa kinazunguka, sitakuficha. Lakini mlango wa kwanza naujua, na ukiujua huo, wenyewe wa mlango wa kwanza watakuonyesha wa pili.

Mungu akupe ulimi usioona haya mbele ya kiti kikubwa, akupe wakubwa wenye masikio, na asikufanye wewe kuwa sababu ya mzee wako kuomba sabuni. Amina.

Nimekusimulia haya kwa sababu ya mjukuu wangu Rehema. Jana amekuja, pampu ya kisima cha shule imekufa, watoto wanabeba maji kutoka mbali. Mwenyekiti siku hizi ni mtoto wa Sefu, anakaa nyumba ileile, na taya amelirithi. Rehema akaniambia, "Bibi, wewe anakuheshimu sana. Nenda wewe ukatusemee, mimi naona haya."

Nikamtazama, kijana, mzima, ana magoti yote mawili. Nikamjibu:

"Siendi. Mlango wake naujua, miguu ninayo, lakini siendi."